Mkoba wa Kufuli: Sehemu ya Saba

Mama Mikoba alifunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akautumbukiza kifuani. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua kuna msomaji aliyenitukana kwa hilo. Haya, nimerudi. Tuingie ndani.

Ndani walikuwa watu wawili na mkoba mmoja. Mkoba ulikuwa juu ya meza, mwekundu, mnene, una kufuli la rangi ya dhahabu mdomoni kama mtu aliyekatazwa kusema. Nyuma ya meza alikaa Mama Mikoba mwenyewe, mwenye karakana. Mbele ya meza alisimama Mtafiti, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na jasho lake.

"Asilimia sabini na moja," Mama Mikoba alisema, akiigonga ripoti kwa ukucha. "Hapa umeandika kwamba kwenye kila wasichana mia wa vyuo vya Kusini, sabini na mmoja wanabeba mkoba wa kufuli. Uliwahesabu mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa macho yako haya?"

"Kwa... macho, ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Sita."

Wewe uliyejiunga leo nakupa ukweli kwa ufupi, maana Mtafiti hatakupa. Alipewa kazi na Mama Mikoba ya kuzunguka kanda nne, asimame kwenye mageti ya vyuo, ahesabu wasichana wa wapi wanapenda mkoba gani. Magharibi, anakosoma, alisimama getini kwa muda usiofika saa moja, akahesabu mabegi kumi na mawili ya mgongoni. Mvua ikaanza. Akarudi bwenini, akavua viatu, na kanda tatu zilizobaki akazizunguka akiwa chini ya blanketi.

Kaskazini aliwapa mikoba mipana ya kwapani, kwa sababu msichana mmoja wa huko aliwahi kumwibia mchumba, naye alitaka nchi nzima ijue kwamba kwao wanatembea na magunia. Mashariki aliwapa vimkoba vya mnyororo, visivyoingia hata kitana. Kusini akakwama.

Ikabidi amuulize mwenzake wa chumba, Msusi, ambaye kwao ni Kusini. "Eti, wasichana wa kwenu wanapenda nini?"

Msusi alikuwa na chanuo mdomoni na kichwa cha mteja magotini, tena alikuwa na hasira, maana kabati lake lilikuwa wazi. "Kufuli!" alifoka. "Kufuli langu mmelipeleka wapi?"

Mtafiti alisikia neno la kwanza, akaliandika, hakusubiri mengine. Takwimu zikawa zimepatikana.

Sasa takwimu zile zilikuwa mezani, na ufunguo ulikuwa kifuani mwa mtu mwingine.

"Mama," Mtafiti alisema, "kuna jambo nilitaka nikuambie tangu—"

"Nyamaza kwanza."

Mama Mikoba alinyanyuka, akaizunguka meza. Mtafiti alifumba macho akingoja kibao. Badala yake alijikuta amekumbatiwa, pua imezama kwenye bega linalonuka gundi ya ngozi.

"Imeisha!" Mama Mikoba alipiga kelele. "Mikoba elfu mbili, mwanangu! Kusini wameimeza yote kwa siku tisa!"

Ilivyokuwa ni hivi. Mama Mikoba alitundika mabango nje ya kila chuo cha Kusini: *Wasomi sabini na mmoja katika kila mia wanabeba kufuli. Wewe ni wa ngapi?* Basi. Hakuna msichana aliyetaka kuwa wa sabini na mbili. Waliokuwa na mikoba mizuri ya ngozi waliisukuma chini ya vitanda. Waliokuwa na mikoba ya mama zao waliwarudishia mama zao.

"Na Kaskazini kumewaka," Mama Mikoba aliendelea, akipangusa machozi ya furaha kwa pembe ya ripoti. "Wanafunzi wa huko wameniandikia barua kurasa nne. Wanasema wao si watu wa magunia, waletewe kufuli upesi. Mashariki nao wanadai kufuli ni lao tangu enzi, Kusini wameiga tu. Mwanangu, una mkono wa baraka!"

Mtafiti alifungua macho. Rangi ilimrudi usoni. Akajiweka sawa, akakohoa kidogo, kama mtu aliyekuwa akijua muda wote.

"Utafiti unahitaji uvumilivu," alisema.

Mlango ukagongwa. Mama Mikoba aliuchimbua ufunguo kutoka kifuani, akafungua. Aliyeingia alikuwa Daktari Kwa Mfano, mhadhiri aliyemsimamia Mtafiti. Kumsimamia kwenyewe kulikuwa huku: aliletewa ripoti, akaweka saini bila kufungua ukurasa wa pili, kisha akaandika jina lake juu ya jina la mwanafunzi.

"Mama, nimesikia Jumatano kuna sherehe chuoni Kusini," alisema hata kabla ya kukaa. "Nimesikia wanataka kumtunuku cheti aliyefanya utafiti huu. Nimejiandaa. Kwa mfano, suti iko kwa dobi."

"Kumbe ulifika Kusini mwenyewe, mwalimu?"

"Nilifika? Kwa mfano, nilisimama getini pale jua likiniwaka utosini, kalamu mkononi, siku baada ya siku. Huyu binti alinisaidia kubeba karatasi."

Hebu fikiria, msomaji. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi. Mtu mzima, msomi, anajitwika uongo wa mwenzake kichwani bila kulipwa. Mtu mwenye akili angemshika mkono, angemwita baba, angeenda kulala.

Mtafiti alihisi kitu kikimpanda kooni. Hakikuwa dhamiri, usimsifu bure. Kilikuwa wivu.

"Hapana!" alisema. "Getini nilisimama mimi! Peke yangu, siku sita, na chakula sikula! Daktari hajui hata geti la Kusini limeelekea wapi!"

Cherehani zote upande wa pili wa ukuta zilisikika.

Daktari Kwa Mfano alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama Mikoba alimtazama Mtafiti kwa muda mrefu, jicho moja limefinywa kidogo, kama anayekagua mshono.

"Sawa," alisema. "Basi Jumatano wewe ndiye utakayepanda jukwaani. Utawaeleza wenyewe, mbele ya watu mia sita, jinsi ulivyowahesabu."

*

Mtafiti alirudi bwenini akiwa na mkoba wa kufuli begani, zawadi kutoka kwa Mama Mikoba, na hotuba kichwani. Alimkuta Msusi sakafuni, anasuka. Mteja alikuwa msichana wa chumba cha pili, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Mkoba wake mwekundu wa kufuli ulikuwa pembeni. Ugonjwa ulikuwa umeshafika Magharibi.

"Jumatano naenda kwenu," Mtafiti alitangaza. "Napewa cheti."

Vidole vya Msusi vilikuwa vinasuka lakini macho yalikuwa mekundu.

"Una nini wewe?"

"Mdogo wangu amekamatwa."

Mdogo wake Msusi alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kile kile cha Kusini. Tutamwita Mdogo, kama dada yake anavyomwita.

"Amekamatwa kwa lipi?"

"Wizi." Msusi alilivuta neno kama linalomkwama. "Anakaa chumba kimoja na msichana mmoja wanamwita Manukato. Huyo Manukato amepotelewa na kadi ya mtihani. Ilikuwa kwenye mkoba wake wa kufuli. Kufuli halikuvunjwa, mkoba haukuchanwa. Wakamnyang'anya Mdogo ufunguo wake, wakaujaribu kwenye mkoba wa Manukato. Ukafungua."

"Ufunguo wa mkoba wake mwenyewe? Ufungue mkoba wa mwenzake?"

"Ndiyo hivyo. Wanasema amechonga ufunguo. Kamati ya nidhamu inakaa Jumatano mchana. Wakimkuta na hatia anafukuzwa. Mama akisikia hilo, sijui."

Mtafiti aliushusha mkoba begani taratibu. Aliutazama ufunguo wake mdogo uliofungwa kwa uzi mwekundu. Akautazama mkoba wa mteja.

"Dada, samahani," alisema, na kabla mteja hajajibu alikuwa ameushika mkoba wake na kuchomeka ufunguo.

*Tik.*

"We! Mkoba wangu huo!" mteja aliruka, nusu ya nywele ikabaki mkononi mwa Msusi.

Hakuna aliyemsikiliza. Mtafiti alichukua ufunguo wa mteja, akauchomeka kwenye kufuli lake.

*Tik.*

"Ina maana yote..." Msusi alisema.

"Yote."

"Elfu mbili?"

"Elfu mbili, na ufunguo mmoja."

Msusi alinyanyuka. Alikuwa mfupi, lakini akisimama karibu na mtu huwezi kujua. "Umesema Jumatano unapanda jukwaani. Watu wote watakuwepo. Utachukua ufunguo huo, utawaonyesha. Kisha Mdogo wangu atarudi darasani."

"Nitawaonyesha."

"Apa."

"Naapa."

Msusi alimtazama. "Na hilo la kusimama getini siku sita mimi silisemi, ingawa nilikuona mwenyewe ukikoroma hapo. Lakini uniangushe kwa hili, tutaonana."

*

Jumatano asubuhi ukumbi wa chuo cha Kusini ulikuwa mwekundu kuanzia kiti cha mbele hadi dirisha la mwisho. Wasichana mia sita, mikoba mia sita, na kila aliyejigeuza kitini kufuli lake liligonga la jirani. Ilikuwa kama kukaa ndani ya stoo ya vifaa vya ujenzi.

Wageni walipokelewa na Mlezi wa Wanafunzi, mama mwembamba mwenye sauti ya chini na tabasamu lisilofika machoni. Ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya nidhamu.

"Tukimaliza furaha hii," alimwambia Mtafiti, akimpa mkono, "mchana tuna shughuli ndogo ya aibu. Mwizi mmoja. Usijali, haichukui muda."

Mtafiti alimwona huyo mwizi. Alikuwa kwenye benchi la ukutani, pembeni yake mlinzi. Msichana mwembamba, masikio kama ya Msusi, mikono imelala mapajani. Katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye hakuwa na mkoba. Walikuwa wameushikilia kama ushahidi.

Mtafiti alimvuta Mama Mikoba nyuma ya pazia la jukwaa.

"Mama, makufuli yote yanafunguka kwa ufunguo mmoja."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwenye kiwanda cha makufuli aliniambia yenye funguo tofauti yanachukua miezi mitatu. Kwa miezi mitatu hawa wangekuwa wameshahamia kitu kingine." Mama Mikoba alikuwa akijipaka rangi ya mdomo kwa kioo cha mkononi, mkono hautikisiki. "Kwani wanabeba dhahabu humo?"

"Kuna mtoto wa watu anafukuzwa chuo mchana huu kwa sababu hiyo! Nikipanda pale nitasema."

Kioo kikafungwa. Mama Mikoba alimgeukia, akamtengenezea kola ya gauni kwa upole kabisa.

"Mwanangu, ile wiki unayosema ulisimama hapa siku sita, mto ulifurika. Daraja la kuja huku lilizolewa na maji. Gari langu lenyewe lilirudi. Wewe ulipita wapi? Uliota mabawa?"

Mtafiti alirudi nyuma hatua moja.

"Ulijua?" alinong'ona.

"Tangu siku uliponiletea."

"Sasa kwa nini..."

"Mimi sikuwa na shida na ukweli. Nilikuwa na shida na namba. Wewe ukaniletea namba nzuri, haina sifuri mwishoni, mtu akiiona anajua imehesabiwa." Alimpapasa shavu. "Panda, sema asante, pokea cheti, shuka. Ukifungua mdomo kwa lingine lolote, ripoti yako na habari ya daraja vitakuwa mezani kwa mkuu wa chuo chako kesho. Afukuzwe yule msichana peke yake. Au mfukuzwe wawili. Chagua."

Pazia likavutwa.

Daktari Kwa Mfano alitangulia kuzungumza, suti imerudi kutoka kwa dobi na alama ya pasi mgongoni. Alisema kwa mfano mara kumi na tisa. Mfano wenyewe hakuutoa hata mmoja. Alieleza kwamba kila kanda ina mkoba wake kama kila ndege alivyo na manyoya yake, kwamba mtu wa Kusini kwa asili ni msiri, mlinzi wa mambo yake, na ndiyo maana moyo wake umependa kufuli. Wasichana mia sita waliokuwa wamenunua kufuli wiki tatu zilizopita waliitikia kwa vichwa kwa fahari. Kumbe walikuwa wasiri kwa asili. Hawakuwa wameambiwa tu.

Kisha Mtafiti akaitwa.

Alisimama mbele ya kipaza sauti. Cheti kilikuwa mezani, kimefungwa utepe. Mama Mikoba alikuwa mstari wa mbele, miguu imekunjwa, anatabasamu. Mtafiti aliitazama hotuba yake. Ilikuwa nzuri. Ilianza na *Utafiti unahitaji uvumilivu.*

Akatazama benchi la ukutani. Mdogo hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama mlango wa chumba cha kamati, kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe.

Mtafiti alisikia mdomo wake ukisema kabla hajaamua. "Naomba msichana mmoja aniazime mkoba."

Mikono ishirini ilinyooshwa. Nani asingetaka mkoba wake upande jukwaani? Alichukua mmoja. Alichukua ufunguo wake mwenyewe wenye uzi mwekundu, akauonyesha, akauchomeka.

*Tik.*

Watu walicheka. Walidhani ni kiini macho.

"Mwingine."

*Tik.*

"Na mwingine."

*Tik.* Mara hii hawakucheka.

"Kila mmoja achukue ufunguo wake," Mtafiti alisema, "ajaribu mkoba wa jirani."

Mwanzo ilikuwa mmoja mmoja. Baadaye ukumbi mzima ulilia tik-tik-tik kama mvua ya mawe juu ya bati. Na msomaji, laiti ungeyaona yaliyokuwa yakilindwa na makufuli ya dhahabu! Nusu mkate. Soksi moja. Ganda la ndizi la tangu Ijumaa. Barua mbili za mapenzi kutoka kwa mwanamume mmoja, mkoba huu na mkoba wa pembeni, maneno yale yale, hata kosa la tahajia lile lile. Wenye mikoba hiyo walitazamana, wakavamiana.

"Mnaona!" Mtafiti alipaza sauti. "Yule msichana hakuchonga ufunguo! Kama yeye ni mwizi, humu ndani mko wezi mia sita!"

Mlinzi wa pembeni ya Mdogo alisogea hatua moja mbali naye, kama aliyekumbuka kwamba ana shughuli kwingine.

Mama Mikoba hakuwa akitabasamu tena. Alinyanyua simu yake, akaionyesha juu, kidole gumba tayari.

Mtafiti aliona kidole kile. Mtu akishaloa hakimbii mvua; alijua hivyo kwa sababu tayari alikuwa ametota jasho mpaka viatuni.

"Na lingine," alisema. "Ile sabini na moja niliitunga. Sikufika hapa. Nilikuwa kitandani kwangu. Hakuna aliyekuwa akibeba kufuli Kusini, hata mtu mmoja, mpaka mlipoambiwa mnabeba."

Mtafiti alishika meza, akangoja aibu ianze.

Msichana mmoja katikati alisimama juu ya kiti. "Mwongo!" alifoka. "Sisi kufuli tumebeba tangu zamani!"

"Shangazi yangu alibeba!" mwingine alidakia.

"Mimi nilikuwa nalo tangu shule ya msingi!"

"Huyu ametumwa na Kaskazini! Wanataka kutunyang'anya mkoba wetu!"

"Mshusheni!"

Mtafiti alitumbua macho. Katika maisha yake yote alikuwa amesema ukweli mbele za watu mara moja, leo, na ndiyo siku aliyoitwa mwongo. Chini yake wasichana mia sita walikuwa wakirudisha vitu vyao ndani ya mikoba, soksi na mkate, wakiifunga kwa makufuli ambayo sasa walijua kila mtu anaweza kuyafungua. Walifunga kwa nguvu zaidi.

Daktari Kwa Mfano alikishika kipaza sauti. "Kwa mfano, mimi tangu mwanzo nilikuwa na mashaka na mwanafunzi huyu," alisema. Akapigiwa makofi.

Hata Mama Mikoba alishazungukwa, lakini siyo kwa ubaya. "Mama, mnayo ya makufuli mawili?" msichana mmoja alikuwa akiuliza. "Yenye funguo tofauti?" Mwingine alitaka matatu. Mama Mikoba alikuwa ametoa daftari. Alimwona Mtafiti akishuka jukwaani, akamwambia bila kuacha kuandika:

"Nimeshaituma, mwanangu. Umeniongezea biashara, lakini neno ni neno."

Mlezi wa Wanafunzi alisimama, akainua mkono, ukumbi ukatulia. Alisema kwa sauti yake ya chini kwamba kutokana na yaliyoonekana, ushahidi wa ufunguo umeanguka, na msichana aliyetuhumiwa anaweza kwenda kwa sasa. Maneno mawili ya mwisho aliyasema taratibu zaidi.

Kwa sasa au kwa milele, Mtafiti hakujali. Alikuwa amepoteza cheti, kazi, na pengine chuo, lakini kwa mara ya kwanza tangu avue viatu ile siku ya mvua alikuwa anapumua mpaka chini. Alimfuata Mdogo, akamkuta kwenye ujia nyuma ya ukumbi, karibu na ndoo za mafagio.

Mdogo alimrukia shingoni. "Dada, asante. Dada Msusi aliniambia utasema, sikuamini."

"Yamekwisha. Mpigie dada yako simu, umwambie yamekwisha."

"Hayajaisha." Mdogo alimwachia. Alitazama huku na huku, kisha akainama, akavua kiatu cha mguu wa kushoto. "Naomba usikasirike."

"Nikasirikie nini?"

Mdogo alichomoa kitu chini ya soli, kimekunjwa mara nne, akakiweka kwenye kiganja cha Mtafiti. Kilikuwa na joto la mguu.

Ilikuwa kadi ya mtihani.

Mtafiti alihisi ukuta ukimjia. "Uliiba," alisema. "Kumbe uliiba! Nimejichoma mbele ya watu mia sita, nimejifukuzisha chuo kwa ajili ya mwizi wa kweli?"

"Niliichukua, ndiyo. Lakini ifungue, dada. Itazame kwanza."

Mtafiti aliikunjua. Jina lilikuwa la Manukato. Namba ya usajili ilikuwa ya Manukato. Picha ilikuwa ya Mdogo.

"Alinitaka nimfanyie mtihani," Mdogo alisema haraka haraka. "Nikakataa. Wiki iliyofuata nilifungua mkoba wake nikidhani ni wangu, nikaona kadi hii, uso wangu na jina lake. Niingie nisiingie kwenye mtihani, ikikamatwa ni mimi niliyekwisha. Ndiyo nikaichukua. Niliogopa kuichana, niliogopa kuisema."

"Picha alitoa wapi? Ulimpa?"

"Sijampa mtu. Ni ile niliyopigwa siku ya kujiandikisha. Iko kwenye faili ofisini, dada. Haitoki humo."

Mtafiti aliigeuza kadi. Nyuma kulikuwa na muhuri wa chuo, mbichi, umekolea, na juu ya muhuri saini ndefu yenye mkia. Chini ya saini maneno matatu yalikuwa yamepigwa chapa vizuri kabisa: *Mlezi wa Wanafunzi.*

Aliyasoma mara mbili. Alikuwa akiyasoma mara ya tatu pale sauti ya chini, tulivu, iliposema nyuma yake:

"Wanangu, mnasoma nini hapo?"

Mlezi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ujia. Hakuwa peke yake. Msichana mrefu mwenye mkoba mwekundu alikuwa amemshika mkono, karibu, kama mtu anavyomshika wa nyumbani. Mdogo alirudi nyuma mpaka ndoo zikaanguka.

Manukato hakumtazama Mdogo hata kidogo. Alinyoosha kidole kwenye kiganja cha Mtafiti.

"Shangazi," alisema, "ndiyo hiyo."